Je, Wajua? Maporomoko, Maziwa ya Juu na Mtu wa Unyamwezi

Lusu iko wilayani Nzega, kwenye uwanda ambao macho huchoka kabla ya kukuta mlima. Kuna vilima vya mawe, kuna mbuga za mpunga, kuna miombo iliyosalimika na shoka, basi. Habari za kupanda mlima wa hifadhi siku tano au sita ili kuona maporomoko, au ziwa lililojificha karibu na barafu, huonekana ni habari za Moshi na wageni wake. Lakini barabara ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliacha alama mpaka huko juu: kwenye ramani, kwenye maji na mabegani mwa watu. Haya hapa baadhi ya mambo yake, marefu na mafupi.

Nani anaishi juu zaidi, wa Nzega au wa Moshi?

Wa Nzega. Mji wa Moshi, pamoja na kuegemea Kilimanjaro, uko kati ya mita 800 na 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Nzega na Tabora ziko kwenye mita 1,200 hivi. Mtu wa Lusu anayekwenda kupanda mlima mrefu kuliko yote Afrika hushuka kwenye basi akiwa chini kuliko alikotoka.

Sufuria yake inalijua jambo hili hata kama yeye halijui. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kila unapopanda mita 300 hivi, unapunguza nyuzi moja. Kwa hiyo Lusu maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi, kwenye kambi ya Barranco ya Kilimanjaro, iliyo karibu na mita 4,000, huchemka kwenye 87 hivi, na Uhuru, kilele cha mlima huo, mita 5,895, huchemka kwenye 80 au 81. Maji yanaruka sufuriani lakini hayana moto wa kutosha. Maharage makavu huko juu ni adhabu: kuni, gesi na subira vyote vitakwisha, nayo bado yanagongana kwenye meno.

Kichwa nacho kina hesabu yake. Hewa ya Uhuru ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta pwani kwa pumzi moja. Ndiyo maana katika njia za Machame na Lemosho waongozaji huwapandisha wageni mpaka Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha huwateremsha siku hiyo hiyo kulala Barranco. Mgeni asiyeelewa hulalamika kwamba amepandishwa bure. Hakupandishwa bure. Mwili umeonjeshwa hewa nyepesi, ukarudishwa kulala mahali unapoweza kujitengeneza.

Maji ya bomba ya Nzega yana mlima wake?

Mvua inayonyesha eneo hili haikubaliani njia. Inayoingia Mto Manonga huenda kwenye mbuga za Wembere, ikafika Ziwa Kitangiri, ikapita Mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro. Haifiki bahari yoyote, hukaushwa na jua na kuacha chumvi. Inayoingia Mto Igombe huelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika, kisha hutoka kwa Mto Lukuga kuingia Kongo na kumwagika Atlantiki. Kwa hiyo wingu moja likisimama mahali panapofaa, tone lake moja litageuka chumvi ya Eyasi na jirani yake atakwenda kupiga kelele pwani ya magharibi ya bara hili.

Siku hizi kuna maji ya tatu, yale ya Ziwa Victoria yanayoletwa kwa bomba hadi Nzega, Igunga na Tabora. Hayo ni ya bonde la Nile. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134, chini kidogo ya Nzega, kwa hiyo hayaji kwa hiari yake. Husukumwa na pampu.

Na hayo ndiyo yenye mlima. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayodondoka ziwani moja kwa moja, lakini kati ya mito inayoliingia, Kagera ndio mkubwa. Kichwa kimojawapo cha Kagera ni kijito cha Rukarara, ndani ya msitu wa Nyungwe nchini Rwanda. Nyungwe ni hifadhi ya taifa ya milimani, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, na mgongo wake ndio unaotenga maji ya Kongo na maji ya Nile. Watu huenda huko kwa miguu kuona maporomoko ya Kamiranzovu na Ndambarare, wakipita kwenye msitu ambao hukausha nguo zako kwa shida. Maji ya upande wa mashariki wa msitu huo huteremka mpaka Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ambako Kagera hujibana kwenye mwamba na kuanguka. Hapo siku hizi pana mitambo ya umeme ya megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Mama anayekinga ndoo bombani Nzega anakinga, ndani ya hayo maji yake, tone moja moja lililokwisha kuanguka mara kadhaa.

Jina la watu wa tambarare liliwahi kutumika kuthibitisha milima ya theluji

Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria aliandika kwamba Nile hutoka kwenye maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Sehemu ya habari hizo ilitokana na mfanyabiashara Mgiriki, Diogenes, aliyesemekana kuingia bara kutoka Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Mwaka 1154 Al-Idrisi naye akaichora milima hiyo. Kwa miaka mingi baadaye wenye ramani walinakiliana tu.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake. Mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, alimkatalia katakata. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa ameandika kitabu kuhusu ziwa kubwa la bara na nchi ya Wanyamwezi, watu wa tambarare hii ya Tabora, kwa kusoma na kuwauliza wasafiri, na theluji karibu na ikweta haikuwamo katika hesabu yake. Miaka michache baadaye Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya maneno ya wafanyabiashara wa pwani waliokwenda Ujiji, Unyamwezi na Nyasa, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, lililolala kama koa. Ni rahisi kuicheka leo. Lakini wasafiri wale hawakusema uongo: kila mmoja alifika kwenye maji makubwa, na kosa lilikuwa la kalamu iliyounganisha maziwa matatu.

Ramani hiyo ilichangia kuwaleta Richard Burton na John Hanning Speke. Kutoka pwani walitembea siku 134, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke aliondoka Kazeh kwenda kaskazini na mwanzoni mwa Agosti akaliona Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Alipochora ramani yake aliweka Milima ya Mwezi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na hoja yake mojawapo ilikuwa jina la Unyamwezi: ikiwa kuna Nchi ya Mwezi, basi milima yake haiko mbali. Wakulima wa uwele na wabeba pembe wa tambarare wakawa shahidi wa theluji wasiyoiona.

Wengi leo huliweka jina hilo la kale kwenye Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Henry Morton Stanley alipiga kambi karibu nayo mwaka 1876 na hakuiona, kwa mawingu, mpaka Mei 1888. Wakonzo wanaoishi kwenye miteremko yake walikuwa wameizoea siku zote.

Kwa mtafutaji wa maziwa ya juu, Rwenzori ndiyo yenyewe. Haikutokana na volkano. Ni pande la mwamba mgumu wa kale lililoinuliwa na mpasuko wa ardhi, kisha barafu ikalichimba mabakuli. Mabakuli hayo yamejaa maji: Bujuku karibu na mita 3,950, Kitandara juu kidogo ya mita 4,000, na mengineyo upande wa Kongo ndani ya Hifadhi ya Virunga. Njia ya kuyafikia ni tope. Sisemi matope ya masika ya Nzega, yanayokauka Juni. Hili ni tope la kudumu, mtu anarukia kutoka kichuguu cha majani hadi kingine, na pengine mbao zimetandikwa ili asizame. Viatu vya bei kubwa vya kupandia mlima havina heshima hapo. Wenyeji huvaa gambuti, na mgeni mwenye akili huwaiga.

Kilele cha Rwenzori, Margherita, mita 5,109, kilipandwa mwaka 1906 na msafara wa Mwana wa Kifalme wa Italia, Luigi Amedeo. Picha zilizopigwa na Vittorio Sella katika safari hiyo zimegeuka kuwa ushahidi wa kitu kingine: barafu iliyokuwa inafunika zaidi ya kilomita za mraba sita haifikii hata moja siku hizi. Na maji yanayoshuka yana hasira zake. Mto Nyamwamba, unaotoka kwenye milima hiyo, ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu hospitali ya Kilembe.

Maporomoko ambayo sokwe huyachezea ngoma

Kutoka Tabora, anayetaka maporomoko ndani ya hifadhi ya taifa hana haja ya kwenda kaskazini. Afuate njia ya misafara mpaka mwisho wake. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikaiua kazi ya mguu katika barabara ile, na mpaka leo ndiyo njia ya kistaarabu ya kufika ziwani. Kutoka Kigoma boti huelekea kaskazini, na kuta za Gombe huanza kuinuka moja kwa moja kutoka majini: kutoka mita 770 hivi za uso wa Tanganyika mpaka mita 1,500 na kitu juu ya vigongo. Hifadhi yenyewe ni ndogo, iliyotangazwa mwaka 1968, lakini ina mabonde mengi yaliyobanana, kila moja na kijito chake.

Ukipanda bonde la Kakombe unatembea kivulini, kwenye msitu wenye mizabibu ya mwituni inayoning'inia, mpaka unaposikia mshindo. Maji huanguka mita 25 hivi kwenye ukuta mweusi wa mwamba, na upepo wake hupeperusha majani ya pembeni hata siku ambayo hakuna upepo. Hapa ndipo Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, na wenzake walipoona jambo ambalo bado linajadiliwa. Dume la sokwe likikaribia maporomoko, manyoya yake husimama. Huanza kuyumba, mguu huu, mguu ule, kwa mdundo. Hukanyaga maji ya kijito kwa kishindo, yeye ambaye kwa kawaida huyaogopa maji. Huokota jiwe na kulitupa. Hudaka mzabibu na kujirusha mpaka kwenye manyunyu. Ngoma hiyo yaweza kwenda dakika kumi au zaidi. Halafu, mara nyingine, huketi juu ya jiwe na kuyatazama maji yakianguka.

Kwa nini? Goodall alijiuliza kama ni mshangao, ule ule unaomshika mtu akisimama hapo. Wengine husema ni majigambo ya dume, kama afanyavyo mvua kubwa ikianza. Mimi nadhani majigambo hueleza kutupa mawe, lakini hayaelezi kule kukaa baadaye na kutazama.

Mtu wa Tabora atakayeendelea kupanda kutoka bondeni mpaka kwenye vigongo atapata mshangao wake mwenyewe: msitu wa kijani unaisha, na anaingia kwenye miombo. Miti ya kwao kabisa, na gome lake, na kivuli chake kilichotoboka.

Kusini zaidi kuna Mahale, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1985, ambayo haina barabara ndani yake. Gari haliingii. Unafika kwa maji au kwa ndege, kisha ni miguu mpaka utakapoondoka. Kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462, na mawingu yanayotoka ziwani hunasa kwenye milima hiyo, ndiyo sababu vijito vyake havikauki. Watafiti wa Kijapani, wakiongozwa na Toshisada Nishida kwa miongo mingi, wamewafuata sokwe wa huko tangu 1965. Mgeni hapewi zaidi ya saa moja na sokwe, na huvaa barakoa. Watu wengi hudhani barakoa ni ya kumkinga mtu. Ni ya kumkinga sokwe, ambaye mafua yetu yanaweza kumwua.

Kalambo, kwa kifupi

Haimo ndani ya hifadhi ya taifa, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, mpakani mwa Rukwa na Zambia, lakini kuiacha ni dhambi. Mto huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, bila kituo. Korongo-mfuko, yule ndege mwenye upara anayezoea majalala ya miji yetu, huko hujenga viota kwenye kuta za genge na kupaa juu ya maporomoko kwa fahari kubwa. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa makusudi miaka isiyopungua 476,000 iliyopita. Binadamu wa sasa, sisi tunaoandika na kusoma magazeti, hatukuwapo duniani wakati huo. Aliyeyachonga alikuwa mwingine, naye pia alikuwa amependelea kukaa karibu na maji yanayoanguka.

Kilimanjaro haina maziwa, Mlima Kenya unayo tele

Hili huwashangaza hata waliokwisha kupanda. Mlima mrefu namna ile, wenye barafu, na juu yake hakuna ziwa la maana. Kuna kidimbwi kimoja chini ya kilele cha Mawenzi, kambini kwenye mita 4,300 hivi, ambacho watu hukipiga picha kwa kukosa kingine. Sababu ni mawe. Kibo, sehemu ya mlima huo yenye kilele cha Uhuru, ni volkano changa kwa hesabu za milima, na miamba na majivu yake hupitisha maji kama chekecheke. Mvua na theluji inayoyeyuka huzama, na kutokea chini kabisa kwenye chemchemi.

Mlima Kenya nao ni volkano, lakini ulikwisha kuzimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na barafu ikapata muda mrefu wa kuuchonga. Kilichobaki juu, Batian yenye mita 5,199 na Nelion, ni kiini kigumu cha mlima uliokuwa mkubwa zaidi. Pembeni yake mabakuli yamejaa: kidimbwi cha Teleki, vidimbwi vya Hall, Ziwa Ellis, Ziwa Alice, na Ziwa Michaelson lililo chini ya ukuta wa mwamba wa mita 300 hivi katika bonde ambalo pia lina maporomoko ya Vivienne. Njia ya Chogoria ndiyo inayokupitisha huko. Walowezi wa Kiingereza walileta samaki aina ya trauti wakawatia kwenye mito na baadhi ya maziwa hayo, wakawa na sababu ya kupanda na ndoana. Na mwaka 2010, kwenye kibanda cha Rutundu, mjukuu wa Malkia wa Uingereza wa wakati huo alimaliza likizo akiwa na mchumba.

Kuna waliopanda mlima huo kwa shida zaidi. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita, walitoroka kambi ya Nanyuki wakiwa na vifaa walivyojitengenezea kwa siri. Wawili walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakarudi wenyewe kambini. Felice Benuzzi, mmoja wao, aliandika kitabu juu ya safari hiyo.

Katika milima yote hii, juu ya msitu, utakutana na lobelia. Simama, chungulia katikati ya majani yake. Aina moja, inayoota Kilimanjaro na Mlima Kenya, hufuga maji ndani ya kile kikombe cha majani, maji mazito kidogo, yenye utelezi. Usiku, baridi ikishuka chini ya sifuri, maji ya juu huganda kuwa kifuniko cha barafu, na ya chini hubaki maji. Chipukizi lililomo humo halifi. Asubuhi jua likipiga, kifuniko huyeyuka, na ukitazama vizuri utaona viluwiluwi vya vijidudu vikihangaika ndani. Ziwa la juu la Kilimanjaro, ukipenda, ni hilo.

Maporomoko ya Kilimanjaro yako chini zaidi, Materuni, Marangu na kwingineko, katikati ya migomba na kahawa. Wengi huamini kuwa ni barafu inayoyeyuka. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 na leo haifikii moja, nayo mchango wake katika mito ni mdogo sana. Maji hayo ni ya mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu, hasa upande wa kusini ambako mvua huwa nyingi kupita kote kwenye mita 2,200 hivi. Kwa hiyo aliyekata msitu ndiye adui wa maporomoko na wa mifongo, yaani mifereji, ya Wachaga. Barafu inaweza kwisha yote na Materuni ikaendelea kunguruma.

Mzigo ulipungua kilo kumi

Hapa ndipo barabara ya Tabora na njia ya mlimani zinapokutana hasa.

Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alibeba kilo 30 hivi, bila kuhesabu mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Mwenye pembe kubwa alizidi hapo. Watoto walifundishwa mapema, wakipewa vijipembe vidogo wazoee. Vijana waliona kwenda pwani na kurudi ni sehemu ya kuwa mtu mzima. Haikuwa kazi ya watumwa, kama wengine wanavyodhani: ilikuwa ajira, yenye mapatano, yenye posho ya kila siku, na posho ikichelewa mzigo uliwekwa chini. Mbele alitembea kiongozi wa msafara amevaa kilemba au manyoya na nguo nyekundu ili aonekane, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Sasa nenda kwenye lango la Machame asubuhi. Vijana wamejipanga na mizigo mbele ya mizani. Mlinzi wa hifadhi anasoma: kilo 20, mwisho. Ikizidi, kitu kinatolewa, na mtu wa pili anatafutwa. Wao kwa wao huitana wagumu. Wanatembea upesi kuliko mgeni, wanampita njiani na hema, meza na mtungi wa gesi, wakifika mbele wanasimika kambi kabla hajatokea. Mpangilio ni ule ule: kiongozi, mpishi, wapagazi, posho, malipo mwisho wa safari, na nyimbo siku ya kuagana.

Sehemu ngumu kuliko zote haionekani kwenye picha. Kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwa njia za kusini, inaitwa Barafu, mita 4,673, na haina hata tone la maji. Maji ya mwisho ni ya bonde la Karanga. Mpagazi huteremka bondeni, hujaza dumu la lita 20, ambalo ni kilo 20 kamili, hulipandisha kwenye ukingo, kisha hutembea nalo saa kadhaa mpaka Barafu. Chai anayokunywa mgeni saa tano za usiku, kabla ya kuanza kupanda kileleni, imetoka huko.

Vitabu vya historia viliwataja watu hawa pembeni tu. Charles New alipoigusa theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, alikuwa amepanda na mtu wake Tofiki. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Oktoba 1889, kambi yao ya juu, kwenye mita 4,330 hivi, ililindwa na Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani ya joto, aliyekaa huko zaidi ya wiki mbili akiwapikia na kuwasubiri. Meyer na Purtscheller kila mmoja amepewa kilele chake kwenye Mawenzi.

Aliyeipeleka Kilimanjaro kwenye siasa alisoma Tabora

Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi wa shule ya serikali ya Tabora kuanzia 1937, kisha akarudi mjini hapo kufundisha St. Mary's. Oktoba 1959, akizungumza kwenye Baraza la Kutunga Sheria, alisema Watanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge huo pamoja na bendera.

Uende lini?

Inategemea unataka nini. Maporomoko hujaa kuanzia Machi mpaka Mei, masika ikiwa imekolea, na ndio wakati njia zinateleza zaidi na kilele hakionekani. Maziwa ya juu ya Mlima Kenya na Rwenzori yanataka kiangazi: Januari na Februari, au Julai mpaka Septemba. Gombe na Mahale ni nzuri kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu, na vijito vyake huendelea kutiririka hata miezi ambayo Manonga ni mchanga mtupu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi zetu kwa shilingi, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni, ili mradi kitambulisho kiwe mfukoni. Beba pia sweta mbili: kila mita 1,000 unazopanda hupunguza nyuzi sita hivi za joto, na joto la Nzega halimfundishi mtu kufungasha.